Ini la Palahala na Hodi ya Sultani

Husimuliwa na waliohifadhi habari za miji iliyokwisha kumezwa na majani, ya kwamba mji wa Barizumu ulitawaliwa na Sultani Hazali bin Munadi, mfalme mwenye farasi wengi na askari wengi na subira kidogo. Katika nchi yake kila kipande cha ardhi kilikuwa na mwenyewe, na desturi ya uwindaji iliwekwa na mababu na wala haikuwa ngumu: mwindaji hufika mpakani, na huweka upinde wake chini, na hupiga hodi mara tatu; akijibiwa hutaja jina lake na mnyama anayemtaka, na asipojibiwa hurudi zake aje siku nyingine. Na mnyama akianguka, ubavu uliolalia ardhi ni wa mwenye ardhi, na ubavu wa juu ni wa mwindaji, na hapana ruhusa ya kumgeuza.

Raia wote waliifuata desturi hiyo, wengine kwa moyo safi na wengine kwa kuwaogopa majirani. Sultani peke yake hakuifuata, kwa maana alisema, "Nchi yote ni yangu. Nimwombe nani?" Na mawaziri wakasema, "Naam, amwombe nani?" kwa kuwa mawaziri wa Barizumu walikuwa hodari sana wa kurudia maneno.

Basi asubuhi moja Sultani alimfukuza palahala jike, yule mnyama mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma, akamfukuza mpaka kwenye kijito kinachoitenga nchi yake na pori la Mwambisi, ambalo watu walikuwa wakiliepuka tangu utoto bila kuambiwa sababu. Sultani hakuepuka kitu. Akaruka kijito juu ya farasi, na akampiga mshale yule jike, na nyama ikachomwa papo hapo, na akala akashiba. Kesho yake alipoletewa chakula, tonge la kwanza lilipoingia kinywani likageuka udongo. Si ladha ya udongo, bali udongo wenyewe, wenye vijiwe. Pilau udongo, halua udongo, tende udongo. Maji tu ndiyo yaliyobaki maji.

Wakaitwa matabibu, na mmoja wao akafungua kitabu chake akasoma, "Dawa yake ni ini la palahala dume wa pori lile lile, lililopatikana kwa ruhusa." Mawaziri waliposikia neno ruhusa wakafurahi, kwani ruhusa ni kitu walichojua kukitengeneza. Ikaandikwa hati nzuri yenye muhuri mwekundu wa Sultani, akapewa mwindaji, naye akaenda asirudi. Wakaenda saba kwa jumla, kila mmoja na hati yake, na hakurudi hata mmoja. Ndipo Sultani, ambaye sasa mbavu zake zilikuwa zikihesabika juu ya kanzu, akatangaza kwamba atakayeleta ini lile ataozwa Binti Nasriya, mwanawe wa pekee. Binti Nasriya mwenyewe alizipata habari hizo dirishani, mpiga mbiu alipokuwa akipita chini, na akafunga dirisha.

Na palikuwa na mwindaji mmoja aitwaye Feruzi bin Sururu, ambaye mji mzima ulimcheka. Aliwahi kumngoja mjane mmoja kutwa nzima kando ya shamba la karanga, kwa kuwa mjane alikuwa amekwenda mazikoni na Feruzi alitaka kumwomba kwale mmoja. Na alipompata kwale akampasua katikati, akampelekea yule mama ubavu uliolala chini. Tangu siku hiyo akaitwa Bwana Nusu. Mshale wake ulikuwa haukosi, lakini kwa kuwa nyumbani alirudi siku zote na nusu ya mnyama, hapana aliyemfikiria kuwa mwindaji wa maana. Wawindaji wa maana walipokwisha, akaitwa yeye.

Waziri mkuu akamkabidhi hati. Feruzi akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akautazama muhuri, akasema, "Maulana, muhuri huu ni wa nani?"

"Wa Sultani."

"Basi hati hii yamruhusu mtu kuingia kwa Sultani, nami nakwenda kwa mtu mwingine." Akaiweka hati juu ya zulia.

Waziri akakunja uso. "Nenda, wewe usiyejua adabu. Lakini ukirudi bila ini, kichwa chako hakitatoka tena katika lango hili."

Feruzi akaenda, na akafika kwenye kijito jua likiwa limepanda. Ng'ambo aliona vichuguu saba vya mchwa vimesimama safu moja, na juu ya kila kichuguu hati iliyokunjwa, na muhuri wake mwekundu haujabanduka. Hofu ikamshika, na haikuwa hofu ndogo. Hata hivyo akaweka upinde chini, akapiga hodi mara tatu, na baina ya hodi na hodi akangoja kiasi cha mtu kutoka nyuma ya nyumba akafika mlangoni. Hapakuwa na jibu, ila ndege mmoja kanga, mwenye madoadoa, alishuka toka mtini akasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kazi, "Mwenyewe hayupo."

"Atarudi lini?"

"Hakuniaga."

Feruzi akamshukuru, akarudi nyuma hatua chache, akakaa akala muhogo wake. Siku ya pili ikawa vile vile, hodi tatu na kanga yule yule na neno lile lile. Siku ya tatu akaja mpanda farasi kutoka kasrini, mbio, akasema, "Sultani hawezi kusimama tena. Waziri asema ingia sasa hivi, ama jiandae." Na kabla hajamaliza kusema, palahala dume akatokea ng'ambo, mweusi anang'aa, akashuka kunywa maji kijitoni, na pembe zake zilikuwa za fedha tupu. Baina yake na Feruzi hapakuwa na hatua ishirini, na upinde ulikuwa miguuni.

"Mpige!" akanong'ona mjumbe. "Unangoja nini?"

"Yuko kwake," akasema Feruzi, akaketi juu ya mikono yake miwili, maana hakuiamini. Mnyama akanywa akashiba, akaondoka. Mjumbe akapanda farasi, akaenda kupeleka habari kwamba mwindaji amerukwa na akili. Ndipo Feruzi akainuka, na akapiga hodi mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na sauti kutoka porini ikasema, "Karibu."

Akatokea jini mrefu kuliko mnazi, jembe begani na matope miguuni, kama mtu aliyekatizwa kazi ya palizi. Akasema, "Mimi ni Kaimuni, na pori hili ni langu tangu kabla ya mto wenu mkubwa kuchagua njia yake. Juzi nilikuwapo, na jana nilikuwapo. Kupiga hodi hata mwizi hupiga. Nilitaka kuona kama wajua kurudi. Sema jina lako na haja yako."

"Naitwa Feruzi bin Sururu, na naomba palahala dume mmoja, kwa ajili ya ini lake, ambalo ni dawa ya mgonjwa."

"Nimekupa dume mmoja, yule mwenye pembe za fedha, kwani amezeeka na meno yamemwisha. Jike usimguse. Na ubavu wa chini wajua ni wa nani."

"Ni wako," akasema Feruzi.

Akaokota upinde wake, akaingia, akafuata nyayo mpaka adhuhuri ikakaribia, akamwona dume kivulini. Akasema bismillahi, akaachia mshale, na mnyama akapiga hatua mbili akaanguka, na Feruzi akamkimbilia akamchinja. Ndipo alipotazama vizuri, na moyo ukamwanguka. Palahala alikuwa amelalia ubavu wa kulia, na kila mwindaji ajua kwamba ini la mnyama liko kulia.

Akasimama pale na kisu mkononi. Kumgeuza mnyama yule ilikuwa kazi ya kushika miguu minne na kuvuta mara moja. Mwenye pori hakuwa karibu. Kanga alikuwa karibu, lakini alikuwa anachakura ardhi na amempa mgongo, kwa namna ambayo ndege hawampi mtu mgongo ila wakiambiwa. Feruzi akayafikiria maisha yake na akaona anayapenda, muhogo wake na kibanda chake na hata jina la Bwana Nusu, na machozi yakamtoka. Kisha akapaza sauti, "Ewe Kaimuni! Njoo upokee ubavu wako. Ini limo ndani yake."

Jini akaja, akatazama. Feruzi akasema, "Nilikuja kwa ajili ya hilo, na limekuwa lako. Sasa naliomba."

"Ungekuwa na njaa wewe, ningekupa," akajibu Kaimuni. "Lakini mwenye njaa namjua, na njia ya huku anaijua. Aje aombe mwenyewe. Nitalihifadhi halitaharibika."

Feruzi akarudi Barizumu na ubavu wa kushoto begani, akaingia nao barazani, akaeleza habari yote mwanzo hata mwisho bila kujipunguzia wala kujiongezea. Sultani alikuwa amelala juu ya mito, na Binti Nasriya ameketi kichwani pake akimnywesha maji. Waziri mkuu akasema, "Nusu! Ameletewa nusu Sultani wa Barizumu, na nusu yenyewe si ile!" Wenzake wakasema, "Si ile!" na mwenye upanga akaitwa.

Binti Nasriya akaweka kikombe chini. "Baba," akasema, "wawindaji saba walibeba neno lako, na hawakurudi. Huyu amekwenda bila neno lako, amerudi, tena amekuambia neno ambalo mtu hasemi ila awe amekwisha kukubali kufa. Mkate kichwa ukipenda. Kesho utakula udongo, na nani atakuonyesha pa kusimama?"

Njaa ilikuwa imemlia Sultani kila kitu ila kiburi, na siku hiyo ikafika kwenye kiburi. Akasema, "Nichukueni."

Wakamchukua kwa machela mpaka karibu na kijito, na hapo Feruzi akawaambia askari wabaki, na ngoma zibaki, na panga zibaki. Sultani akajikokota hatua za mwisho kwa miguu yake, akasimama ukingoni, mikono imening'inia. Akamgeukia Feruzi, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Nasema nini?"

Feruzi akastaajabu, kisha akaelewa. Mtu huyu tangu azaliwe milango ilikuwa ikifunguliwa kabla hajaifikia. Hakuwahi kupiga hodi hata siku moja. "Sema hodi, maulana, kisha unyamaze."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka ujibiwe."

Sultani akasema hodi, na ikatoka kama amri. Kanga akatua mtini. "Nani?"

"Ni Sultani Hazali bin Munadi, Simba wa Barizumu, Bwana wa Nyanda na Milima, Kivuli cha..."

"Watu wote hao hawaenei humu," akasema kanga, akafumba macho.

Sultani akasimama. Jua lilimchoma, na hapana aliyemfunika mwavuli. Akasema tena hodi, akajitaja Hazali tu, na pori likakaa kimya, na akanyamaza nalo, na kunyamaza huko kulimchosha kuliko vita. Mwisho miguu ikamshinda akakaa chini kwenye majani, akavitazama vile vichuguu saba na mihuri yake, akalia mbele ya raia wake. "Hodi," akasema. "Siku ile niliingia sikupiga. Nilikula kisicho changu, na watu hawa saba nikawatuma na ruhusa ya uongo. Nina njaa. Naomba radhi."

"Karibu, Hazali," akasema Kaimuni, akatoka na ini limechomwa juu ya jani. "Yule jike uliyemla alikuwa ananyonyesha. Mwanawe nilimlea kwa maziwa ya mbuzi, na mpaka leo bado ananifuata nyuma. Ungeuliza, ningekuambia. Wenye ardhi huulizwa kwa sababu wanajua vilivyomo." Sultani akalipokea ini kwa mikono miwili, akala, na lilikuwa ini. Na vile vichuguu vikapasuka, wakatoka wawindaji saba wakijipangusa mchanga, na mmoja wao akauliza kama chakula cha mchana kimekwisha kuliwa.

Waliporudi mjini Sultani akawatoa mawaziri wake katika kazi, akamfanya Feruzi msimamizi wa mipaka yote ya nchi, na akampa bonde lenye mito miwili na ng'ombe na nyumba ya ghorofa, na mwisho akasema, "Na binti yangu nilikwisha kukupa."

Feruzi akainama. "Maulana, kwa mali nashukuru. Lakini kwa binti yako sijapiga hodi."

Akaenda mpaka kwenye mlango wa Binti Nasriya, akaweka upinde wake nje ya kizingiti, akapiga hodi mara tatu. Hakujibiwa. Akarudi zake. Siku ya pili hakujibiwa, akarudi zake, na mji wote ukacheka kama zamani, ila safari hii Sultani aliwakemea. Siku ya tatu akapiga hodi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, akangoja kiasi cha mtu kutoka nyuma ya nyumba akafika mlangoni, kisha akageuka aondoke.

"Ewe Feruzi," ikasema sauti ndani, "juzi nilikuwapo, na jana nilikuwapo."

Mlango ukafunguliwa, na Binti Nasriya akasimama kizingitini, akautazama upinde uliolazwa chini, akacheka. "Karibu," akasema.

Wakaoana mwezi ule, kwa harusi ya siku saba, na palahala hakuchinjwa hata mmoja. Mafunzo ya habari hii ni mepesi, nayo ni kwamba kabla ya kuingia uulize, na kama hukujibiwa, urudi. Barizumu sasa ni majani matupu na mwenye ardhi ile hajulikani, lakini wawindaji wapitao huko huweka pinde zao chini, na hupiga hodi.