Nani Aliupandisha Mtambo Kiyombo?

Sogeeni, mlio mbali mkae karibu, na mwenye neno alishike kwanza. Habari hii ni ya mzigo mmoja, lori moja na watu watatu, na kila mmoja wao alijaliwa kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Oresta Mligo, muuza matairi wa Njombe, alijaliwa mikono. Akilipapasa tairi ubavuni, akalibonyeza kwa dole gumba, akaligonga na kusikiliza, alijua litabeba nini na litafia wapi. Mzee Ndelwa, mpakiaji, alijaliwa macho. Akiutazama mzigo aliona uzito wake umeegemea wapi, kama wewe unavyoona maji ndani ya glasi. Na Gaudensi Haule, dereva, alijaliwa utulivu. Lori likiyumba na watu wakipiga kelele, yeye sauti yake ilizidi kushuka, mpaka ikawa ya mtu anayembembeleza mtoto.

Aliyewakutanisha ni Velonika Luoga, mwenyekiti wa kijiji cha Lugunga, juu kabisa mgongoni mwa mlima Kiyombo. Lugunga ina maporomoko makubwa ya maji, lakini haikuwa na umeme. Mkunga wa zahanati alizalisha kwa mwanga wa kibatari, na ni kwa mwanga huo Velonika alimpoteza binti wa dada yake, kwa sababu mkunga hakuona damu ilikotokea.

Basi kijiji kikachimba mfereji, kikajenga kituo cha mawe, kikapata mtambo wa kufua umeme, chuma kizito ajabu, ukawa unangoja Njombe. Mkutanoni watu wakaahidi: atakayeufikisha mtambo huu, mkono wake ndio utakaofungulia maji siku ya kwanza, na kituo kitaitwa kwa jina lake. Hawakuwaza kwamba huenda mtu huyo asiwe mmoja.

Velonika akashuka Njombe, akiwa na hofu ya masika. Mvua ikiwahi, barabara ya Kiyombo hufungwa mpaka kiangazi. Dukani kwa Oresta akaonyesha kidole matairi mapya yanayong'aa.

"Si haya hapa? Tufunge twende."

"Hayo ni ya lami, mama. Ubavu wake mwembamba. Mawe ya Kiyombo yanakata kama shoka."

"Na yale pale?"

Oresta akalikunja moja kidogo, akamwonyesha nyufa ndogo kama za kisigino kikavu. "Limekaa stoo mpaka limezeeka. Halijawahi kutembea, lakini limechoka."

"Dada, mvua inakuja! Unachagua matairi kama mtu anayechagua mchumba!"

"Mchumba unaweza kumrudisha kwao, mama. Tairi likikuacha kule juu, hutarudi."

Mwishowe akapata aliyoyataka: yenye ubavu mnene na kashata, yale meno ya tairi, ndefu zilizoachana, ili matope yapate pa kutokea. Hata hapo hakuridhika. Matairi ya nyuma hukaa mawili mawili, bega kwa bega, naye akayazungushia uzi kuyapima, jozi baada ya jozi. "Moja likizidi mwenzake hata kwa unene wa ukucha, litabeba peke yake, na litapasuka." Moja lilizidi. Akaagiza la kulingana nalo kutoka Makambako. Velonika akakaa kibarazani akitazama mawingu yakijikusanya milimani, akamwita Oresta adui wa Lugunga, kwa sauti, mbele ya watu. Oresta akaendelea kupima matairi yake. Wala hakuliruhusu lori liondoke.

Tairi likaja, likafungwa. Ikawa zamu ya Mzee Ndelwa. Mtambo uliposhushwa juu ya lori, vijana walishangilia. Yeye alizunguka mara moja akasema, "Inueni tena." Wakanung'unika, wakainua. Akausogeza mbele kiasi cha kiganja, akaugeuza upande wake mzito uelekee utakakokuwa ukuta wa mlima njiani, akaukaza kwa minyororo na kabari za mti mbichi. "Mti mkavu huteleza," alisema. "Mbichi unauma." Kisha akapanda nyuma, akaketi kando ya mtambo. Alikataa kuingia ndani.

Velonika akaketi karibu na Gaudensi, wakaondoka.

Kiyombo ukawapokea kwa mawe. Njia ilikuwa imejaa ncha za miamba, na lori lilipozikanyaga Velonika alisikia mpira ukichanika, mlio mrefu. Gaudensi akasimama, wakashuka. Tairi la nyuma lilikuwa na jeraha ambalo kiganja kingeweza kuingia, nyama nyeusi imefunuka. Lakini ndani yake nyuzi za waya zilikuwa zimeshikana, hazijaachia hata moja, na mwenziwe ubavuni alikuwa amebeba nusu yake sawasawa. Velonika akaligusa. Lilikuwa la moto kama mwili wenye homa. Akamkumbuka Oresta, ambaye yeye mwenyewe alimwita adui wa Lugunga.

Juu zaidi mvua ikawakuta. Kwenye kona nyembamba kuliko zote, ukingo wa barabara ukameguka. Lori likalala upande wa korongo, taratibu, mpaka Velonika akaona vilele vya miti chini ya dirisha lake. Alingoja kusikia mtambo ukihama. Ungehama kiasi cha kidole, wote wangekwisha. Minyororo ililia. Kabari zililia. Mtambo haukuhama. Na nyuma, mvua ikimpiga, Mzee Ndelwa aliweka mkono juu ya chuma na kuita, "Umekaa! Dereva, umekaa!"

Ndipo Gaudensi akafanya jambo ambalo Velonika hulisimulia mpaka leo akiwa ameshika kifua. Hakukanyaga mafuta. Aliliachia lori lirudi nyuma, kinyumenyume, kwenye utelezi, kwa kioo cha pembeni tu, likifuata alama zake lenyewe mpaka kwenye ardhi ngumu. "Polepole, mama yangu," aliliambia lori. "Usiogope. Polepole." Kisha akalipandisha tena, safari hii akikwaruza ukuta wa mlima, kioo kikavunjika, rangi ikabanduka. Kashata zikauma tope, zikalitema, zikauma tena. Wakapita.

Lugunga hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walisogea kimya, wakayagusa matairi, wakaigusa minyororo, wakaugusa mkono wa Gaudensi, kama watu walioingia mahali patakatifu.

Mtambo ukafungwa. Masika yalipokwisha, lori likiwa bado Lugunga, Velonika akamwalika Oresta, naye akaja. Akachuchumaa kwenye lile tairi lenye jeraha, akaingiza vidole. "Lilivumilia," alisema kwa sauti ndogo, machozi yakimlenga.

Wote wakakusanyika kituoni. Gurudumu la kufungulia maji lilikuwa dogo, la mikono ya mtu mmoja.

"Niliushika usukani," alisema Gaudensi. "Bila mimi tungekuwa korongoni."

"Ungerudishaje nyuma lori ambalo mzigo wake umehama?" aliuliza Mzee Ndelwa. "Nami sikukaa pakavu. Nilikaa pale ambapo mtambo ungeniponda mimi kwanza."

Oresta akasema, "Mimi sikuwapo. Sikulowa, sikutishika. Lakini tairi lile lingepasuka kwenye mawe, kona msingeifika. Na nililichagua huku kila mtu akinichukia."

Velonika akawatazama. Nje, maji yalikuwa yakiunguruma kwenye mlango wa mfereji. Zahanati ilikuwa na taa juu ya kitanda cha uzazi, ingali giza. Ahadi ya kijiji ilikuwa mkono mmoja na jina moja.

Nami naishia hapa, kwa sababu Lugunga hawajakubaliana. Kila aliyekuwapo husema lake, na kila mmoja ana sababu yake. Sasa semeni ninyi: mngekuwa mmesimama pale alipo Velonika, mngemwita nani alishike gurudumu lile?