Sauti ya Mara Moja

Mwenye redio aizime, na anayetafuna karanga amalize kwanza, maana hadithi hii inataka masikio. Nikiimaliza mtagombana. Kila ninapoisimulia watu hugombana.

Walikuwapo ndugu watatu, watoto wa mama mmoja wa Kaliua. Nyamizi, mkubwa, alikuwa na kipaji cha kukumbuka njia. Akipita mahali mara moja hapotei tena. Mihayo, wa kati, alikuwa na masikio makali na ubishi wa kuudhi. Kalunde, kitinda mimba, alikuwa na ulimi mtamu. Angemwomba mchoyo, na mchoyo ndiye angeshukuru.

Wote watatu waliishi Dar es Salaam. Mama yao aliugua koo, na sauti yake ikabaki mnong'ono. Habari zilipokuja kwamba hali si nzuri, walikata tiketi za treni ile ya zamani. Walikuwa na hamu moja tu, kumsikia Mama angali hai.

Mihayo alisema, "Kwa kelele za treni, Mama akituma sauti hatutasikia kitu. Tununue spika za masikioni." Dukani Nyamizi alipenda hedifoni kubwa zinazong'aa, na muuzaji akafungulia muziki azisifie. "Zima muziki," Mihayo akamwambia. "Kwa muziki hata kopo litasikika zuri." Akachagua zile ndogo zenye mpira laini, akabadilisha mipira mpaka ikaziba masikio sawasawa, kisha akaenda kusimama kando ya mashine ya kukamua miwa bila wimbo wowote. Muuzaji alinuna. Mihayo akarudi anacheka, kwa sababu mashine aliiona inazunguka lakini aliisikia kwa mbali. Bila yeye wangepanda treni na pambo la kichwa.

Walipopita Dodoma simu zote zilikuwa zimezima. Kalunde akaenda behewa la chakula. "Shikamoo, mama. Naomba chaji kidogo." Mpishi akajibu, "Marahaba. Chaji hatutoi, mwanangu. Behewa zima litahamia hapa." Kalunde hakubisha. Alichuchumaa, akavuta sufuria lililoungua, akaanza kusugua. "Na haya yote unayaosha peke yako, mama? Jamani, pole!" Masufuria yalipokwisha, simu ya Nyamizi ilikuwa imejaa chaji, na vidole vya Kalunde vilikuwa vimechubuka. Bila yeye wangebeba simu mfu.

Baada ya Tabora mtandao ukapotea kabisa. Nyamizi alikuwa amempeleka Mama hospitali kwa reli hii mara nyingi, akakumbuka mwinuko mmoja ambapo mtandao hushika kwa muda mfupi. Alisimama mlangoni, Mihayo amemshika kitenge kwa nyuma, akanyoosha mkono nje na simu yake. Vumbi lilimwingia machoni, machozi yakamtiririka, lakini mkono hakuushusha. Simu ikalia. Bila yeye wangepita mwinuko ule wamelala.

Ulikuwa ujumbe wa sauti ya Mama, na chini yake maneno ya jirani:

"Wanangu, mama yenu anawauliza jambo. Nilitoka nje aseme na wanawe, kwa hiyo sijui kasema nini. Nimeuweka wa kusikilizwa mara moja tu, usije ukachezwa mbele ya watu. Hawezi kurudia. Anasubiri jibu. Fanyeni upesi, miguu imeshaanza kupoa."

Mungu amsamehe jirani yule. Alitaka kuwatunzia siri yao.

"Tugawane, sikio moja moja," akasema Kalunde.

"Masikio mawili, watu watatu," Mihayo akajibu. "Na ule ujumbe wake tulioupata Morogoro, si tuligawana spika, tukasikia nini? Magurudumu. Asipoziba yote mawili, hasikii mtu."

"Basi nipewe mimi," akasema Kalunde. "Dada, mimi niliondoka nyumbani mdogo. Ninyi mlimfaidi."

"Nilimuuguza mimi," akasema Nyamizi. "Usiku wote ule, mimi."

"Na spika nilichagua mimi," akasema Mihayo, kisha akaona aibu, akatazama chini.

Kalunde akafuta uso. "Tuuache basi. Tukifika nyumbani kuna kimya. Tutausikiliza wote watatu pamoja, bila spika."

"Halafu tumjibu nani?" Mihayo akauliza.

Nyamizi alilia kwa sauti, mtu mzima mbele ya abiria, na mimi simlaumu. Treni ilianza kuteremka bondeni, na alama za mtandao zikapungua hadi ikabaki moja.

Msinitazame hivyo. Sina njia ya kuwaokoa. Hakuna uamuzi utakaowafikisha kwa wakati. Kaliua watakuta turubai limeshafungwa uani. Atakayesikia atawasimulia wenzake maneno, lakini sauti itakuwa imekwisha.

Spika ziko kwenye kiganja cha Nyamizi. Mmoja alizichagua, mmoja aliitia simu uhai, mmoja aliuvuta ujumbe kutoka hewani. Je, wewe ungeziba masikio ya nani? Au ungemwacha Mama akate roho anasubiri jibu, ili watoto wake wote wamsikie?

Semeni upesi. Mtandao unakatika.