Beberu wa Bi Time

"Mficha beberu huumbuliwa na paja." Mmezoea kutaniana kwa methali hiyo, wajukuu zangu, na leo mmeniuliza imetoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Kule Pemba alikuwepo Faki Shaame, bingwa wa kucheza ng'ombe. Fahali akimjia mbio na pembe zake, Faki hukwepa huku akitabasamu, na wanawake hupiga vigelegele. Siku moja alikwenda kumjulia hali mkwewe, Bi Time. Hata hodi haijaitikiwa, beberu wa pale nyumbani akamtandika kichwa cha kinenani. Bingwa chali! Damu haikutoka hata tone, ngozi haikuchubuka. Faki akajipangusa kanzu, akamwambia Bi Time kuwa hakuumia.

Baada ya siku chache paja lilivimba likawa kama gogo la mgomba. Hospitalini daktari akamuuliza, "Umeanguka? Umepigwa na kitu?"

"Wala."

Angesema nini? Bingwa wa mafahali kaangushwa na mbuzi! Na mahali penyewe pale!

Daktari akadhani ni matende, akampa dawa za matende. Paja likazidi kuvimba, na sasa kila akivuta pumzi kifua kinamchoma. Faki aliogopa kufa, lakini aliogopa kuchekwa zaidi.

Ndipo Bi Time akaingia wodini na bakuli la uji. "Mkwe wangu, niwie radhi. Yule beberu nimeshamfunga kamba."

"Beberu gani?" daktari akashtuka.

"Si huyo aliyempiga kichwa hapa!" Bi Time akaelekeza kijiko mahali ambapo mkwe haelekezi kitu. Faki akajifunika shuka gubigubi.

Daktari akamkimbiza kwenye kipimo. Aliporudi naye, daktari alikuwa anatokwa jasho. "Mshipa unaorudisha damu moyoni umeumia ndani kwa ndani. Ni nadra sana, nisingeutafuta bila kuambiwa. Damu imeganda humo, na mabonge yameanza kupanda mapafuni. Ungekaa kimya mpaka kesho, tungekuzika."

"Niliona haya, daktari."

"Kama ni haya, si ungesema fahali? Ningetafuta palepale!"

Faki akatibiwa, akapona. Siku aliyorudi uwanjani, kabla fahali hajafunguliwa, mtu mmoja akalia, "Mee!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Faki akamtazama Bi Time aliyekaa mbele, akacheka hata yeye mpaka machozi. Kisha akainua mkono, akawaambia mwenyewe kwa sauti kubwa:

"Chekeni, jamani, lakini msiige. Mficha beberu huumbuliwa na paja!"