Sultani wa Ndevu za Upande Mmoja

Palikuwa na sultani, jina lake Harithi, aliyeogopa kitu kimoja tu duniani: kupitwa na habari. Vita hakuviogopa. Njaa hakuiogopa, maana njaa ya mji ule ilikuwa haipandi ngazi za jumba lake. Na mambo haya si ya kale sana, jamani. Simu zilikuwa zimeshaingia mjini, na zile akili bandia, mashine zinazojibu maswali na kuwaandikia watu barua, zilikuwa zikitoka mfululizo. Hujalizoea jina la hii, ile imeshafika.

Sultani akakimbizana nazo mpaka usingizi ukampaa. Mwisho akaona taabu hii haifai kuwa yake peke yake. Akatoa amri: ni marufuku mtu kufanya kazi kwa ujuzi wa jana. Ikitoka akili bandia mpya, kila mtu aache alilo nalo mkononi, akajifunze kwanza hiyo mpya, ndipo arudi kazini. Asiyetii, avunjiwe chombo chake cha kazi.

Wa kwanza kuvunjiwa alikuwa Bi Mize, mjane aliyeoka mikate ya mofa. Askari walimkuta ana unga mpaka viwikoni.

"Mpya ni ipi?"

Akaitaja.

"Hiyo ya jana! Tangu alfajiri imeshatoka nyingine."

"Haya, wanangu, nimekosa. Niacheni basi niitoe mikate, inaungua."

Wakalivunja tanuri na mikate imo ndani. Bi Mize hakulia. Alikaa palepale kwenye majivu, akawa anaokota kipande kimoja kimoja na kukipangusa mchanga. Mtaa mzima ulitazama. Jirani yake, Machano kinyozi, naye alitazama tu bila kusema kitu, na hilo halikuwa jambo la kawaida, kwani mkewe alizoea kusema kwamba mumewe angeweza kunyoa watu kwa ulimi, wembe akaupumzisha.

Haukupita muda Machano akaitwa jumbani. Sultani alikuwa akingojea wageni, matajiri wa ng'ambo wanaouza hizo akili bandia. Alikuwa ameziona picha zao, wote videvu vitupu. Basi naye akataka kidevu kitupu, asije akaonekana mtu wa zamani.

Machano akampaka povu. Akanyoa upande wa kulia, ukang'aa. Ndipo simu ya Waziri ilipolia. Waziri akaitazama, akaruka.

"Maulana! Imetoka mpya!"

Machano akaufuta wembe, akaukunja, akautia mfukoni. Akachukua na taulo lake.

"Unakwenda wapi wewe?" Sultani akauliza.

"Kusoma, Maulana."

"Na ndevu zangu?"

"Za kulia nilizinyoa kwa ujuzi wa leo. Hizi za kushoto sina ruhusa nazo. Ujuzi nilionao ni wa jana."

"Jana gani? Umeshika wembe sasa hivi!"

"Sasa hivi, ndiyo. Waziri alipofungua mdomo, ikawa jana."

Sultani akajishika shavu la kushoto. Ndevu zilikuwepo, zote. Akajishika la kulia. Kweupe.

"Nyoa, au utakatwa kichwa!"

"Kwa upanga wa jana, Maulana?"

Sultani akamgeukia mkata vichwa, pande la mtu, aliyesimama mlangoni. "Wewe! Hiyo mpya umeshajifunza?"

Yule pande la mtu akauweka upanga chini polepole, kama anayelaza mtoto. "Bado, Maulana. Hata ile ya juzi ilinishinda."

Nje magari ya wageni yakasikika yakiingia uani, katikati ya watu wa mji waliokuja kuwatazama.

"Itakuchukua muda gani kujifunza?" Sultani akamuuliza Machano, sauti imeshashuka.

"Nikijaliwa, nitamaliza kabla haijatoka nyingine."

"Na ikitoka?"

"Nitaanza upya. Maulana awapokee wageni kwa ubavu, kama anayetazama dirishani."

Waziri akajipenyeza. "Maulana, kwani huyu hatuwezi kumpa ruhusa peke yake, mara hii moja tu?"

"Ruhusa?" Machano akasema. "Bi Mize aliiomba hiyohiyo. Mikate yake ilikuwa motoni. Ndevu za Maulana zinaungua?"

Milango ya magari ikafungwa, pa! pa! Viatu vikaanza kupanda ngazi.

"Amri nimeifuta!" Sultani akapiga kelele.

"Sikusikia vizuri, Maulana. Na walioko uani nadhani hawakusikia kabisa."

Sultani akaenda dirishani, akatoa nje lile shavu lililonyolewa, akatangaza mwenyewe. Uani kukapigwa vigelegele.

"Na tanuri la Bi Mize?"

"Litajengwa!"

"Na nani?"

"Na walewale waliolivunja! Leo! Kwa udongo, kwa mikono yao, kwa ujuzi wa babu zao! Nyoa!"

Machano akatoa wembe, akachovya brashi, akaanza upande wa kushoto bila haraka. Wageni wakaambiwa wangoje ukumbini. Sultani akatafuta la kumchoma yule kinyozi.

"Usifurahi sana," akasema. "Hiyo iliyotoka leo ni kiboko. Itakuja kukunyang'anya kazi."

"Ina mikono, Maulana?"

"Haina."

"Inaweza kuinua hata ndoo ya maji?"

"Haiinui kitu."

"Sasa inafanya nini?"

"Inasema! Hakuna jambo isilolitolea neno. Haijui kusema 'sijui'. Leo inasema hivi, kesho inasema vile, na watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanaacha kazi zao na kukimbizana na inachosema."

Machano akakiinua kidevu cha Sultani kwa kidole, akaupitisha wembe kooni taratibu.

"Basi usinihofie mimi, Maulana. Huyo si kinyozi mwenzangu. Huyo ni sultani mwenzako."