Ukelele wa Bi Mize

Hadithi inakuja, wajukuu, ipisheni ikae! Zamani hizo, zamani hasa, kunguru alipokuwa bado anapiga hodi kabla ya kuiba, walikuwapo majirani wawili, Bi Mize na Bi Siwatu. Mashamba yao ya mpunga yalipakana, na kila mmoja alikuwa na dungu lake, kile kichanja kirefu cha miti anachokalia mtu wa kufukuza ndege.

Basi mpunga ukaiva. Ndege wakaja. Wakaja, wakaja, wakaja, mpaka jua likafunikwa. Na Bi Mize alikuwa na watoto tele na ghala tupu. Ndege wakiumaliza ule mpunga, watoto wangekula nini? Mnasema wangekula ndege? Haya, nani angewakamata?

Shida ilikuwa sauti. Bi Siwatu akipiga ukelele, "Hoooyaaa!", ndege wote wanaruka kutoka kwake, wanatua kwa Bi Mize. Bi Mize naye: "Hoya." Ndege mmoja akageuka, akamtazama, akaendelea kula.

"Shoga, huo ni ukelele au umepiga chafya?" Bi Siwatu akauliza kutoka dunguni.

"Ngoja tu, mdomo tarumbeta! Kesho nakuletea hao wote, uwaandalie na chai!"

Kesho yake akagonga vifuniko vya vyungu, akaimba, akawatukana ndege ukoo mzima. Wakaruka hao, kwa Bi Siwatu. "Hoooyaaa!" Wakarudi. "Hoooya!" Wakaenda. Wakaenda, wakarudi, wakaenda, wakarudi, mpaka mabawa yakawauma, wakahamia ng'ambo ya mto kutafuta watu wenye adabu.

Siku moja Bi Siwatu akaamka koo limekauka, sauti hana. Bi Mize akafurahi moyoni. Alifurahi, msimtetee! "Leo sina mpinzani," akasema, akajinyoosha dunguni. Bila mtu wa kumchokoza, ukelele wake ukasinyaa, ukawa mwayo, ukawa mkoromo. Ndege wakapata habari. Wakaja na wakwe zao. Bi Mize alipozinduka, mmoja amemkalia kichwani, anajipangusa mdomo, na upande mzima wa shamba umebaki mabua.

Akawafukuza huku analia. Akatubu kwa Mola wake, kisha akaenda kwa jirani na uji wa tangawizi.

"Umekuja kunicheka?" Bi Siwatu akanong'ona.

"Nimekuja kuungama, shoga. Koo lako lilipokauka nilifurahi. Mungu anisamehe, nawe unisamehe. Kunywa upone. Nataka kukushinda wewe, si mafua yako."

Bi Siwatu akacheka bila sauti, tumbo likimtikisika. Siku zile Bi Mize akalinda mashamba yote mawili, mbio huku, mbio kule, kama mama mwenye harusi mbili. Bi Siwatu, juu ya dungu lake, akijipiga tumbo kumwonyesha: sauti itoke hapa, si puani!

Asubuhi moja, bila taarifa, kutoka dungu la Bi Siwatu: "HOOOYAAAAA!" Bi Mize akaporomoka kutoka dunguni, pwaa, matopeni. Akainuka, tope mpaka kwenye kope, akavuta pumzi ya tumboni, akajibu kwa ukelele ambao, Mungu ni shahidi, ulimwangusha Bi Siwatu naye. Ndege? Hata unyoya!

Wakavuna. Watoto wa Bi Mize wakala, wakashiba, wakalalamika wali umezidi.

Basi, wajukuu, ukimpata mwenzako anayekutoa jasho, mwombee afya kila unaposali.

Kisa kimefika kwao, nami nakwenda kwangu. Aliyecheka aondoke na kicheko chake; aliyesinzia, mwisho atauota.