Kibuyu Kilichorudi Kimeoshwa

Mnapowaona mama zenu wanahangaika jikoni na sahani ya jirani mkononi, wakitafuta hata ndimu moja ya kuweka ndani kabla ya kuirudisha, msidhani ni ukarimu tu. Ukarimu ulikuja baadaye. Desturi hii ilizaliwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi huo alikuwa mwanamke wa mlimani aliyeitwa Nambua.

Enzi hizo dunia ilikuwa bado changa katika mambo ya kupeana. Kila jamii ilipeana kwa namna yake na kuamini kwamba ndivyo wanadamu wote wafanyavyo. Watu wa mlimani, wakulima wa migomba na maharage, walipopewa kitu hawakukifunua mbele ya aliyekileta. Kufunua ni kupima, na kumpimia mtu zawadi yake mbele ya macho yake ni utovu wa adabu. Walikipokea kwa mikono miwili, wakakipeleka ndani kimya kimya, na baadaye wakakirudisha chombo kikiwa kimesuguliwa kwa majivu na maji ya moto hadi kinang'aa, kimefunikwa kifudifudi. Maana yake ilikuwa: tumekula chote, hatukumwaga kitu.

Mambo hayo hayakumsumbua mtu, kwa kuwa wa mlimani walipeana wao kwa wao. Kisha ukame ukaja. Mbuzi wa mlimani wakakauka maziwa, wengine wakafa, na huko chini nyasi za tambarare zikageuka vumbi. Ndipo watu wa Ndasho, wafugaji wa huko tambarare, walipoleta ng'ombe wao hadi chini ya mlima na kuomba kunywesha kwenye kijito. Lugha zao zilikaribiana, wakaelewana. Wazee wakawakubalia, lakini kwa shingo upande, na vijana wa mlimani wakaanza kutembea na rungu hata wanapokwenda kuokota kuni.

Nambua alikuwa mjane. Alikuwa mtu ambaye akisalimiwa vizuri hujiuliza anatakiwa nini. Ukimsaidia mzigo, atakushukuru, halafu akifika nyumbani ataufungua kuona kama kuna kilichopungua. Alikuwa na binti mmoja tu, Mshiwa, na mwaka huo wa ukame Mshiwa alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamshika baada ya kujifungua, ilipoondoka ikaondoka na maziwa yake. Mtoto akawa anapewa uji mwepesi wa ndizi, akautapika, akapewa tena. Nambua alimbeba kutwa nzima, na kila siku aliona mzigo wake unakuwa mwepesi.

Habari zilifika kijitoni, maana kijitoni ndiko kila habari hufika. Asubuhi moja mwanamke wa Ndasho aliyeitwa Tatoi alipanda mlima peke yake, amebeba kibuyu kirefu chenye mshipi wa ngozi. Akabisha hodi kwa Nambua.

"Nimesikia kuna mtoto hapa," alisema. "Nimemletea maziwa. Yakiisha nirudishieni kibuyu, nami nitaleta mengine."

Kisha akafanya jambo la ajabu. Kabla ya kukitoa kibuyu, alikifungua, akanywa funda moja, akajifuta mdomo kwa kiganja, ndipo akakinyoosha kwa Nambua.

Nambua alikipokea kwa mikono miwili, lakini moyo ulimruka. Anatupa makombo yake, alijiambia. Au amenuia neno juu ya maziwa na amelitia kwa mdomo wake. Alikipeleka kibuyu ndani, akakiweka nyuma ya mtungi, akarudi kuketi. Tatoi naye aliketi, akisubiri kuona mtoto akinyweshwa, kwa sababu kwao zawadi ya chakula huonjwa palepale, aliyetoa akitazama. Alisubiri hadi kivuli cha nyumba kikasogea. Nambua alimtazama mgeni anayemtazama. Mwishowe Tatoi aliinuka na kuaga, uso umemkunjamana.

Alipokwisha kuondoka, Nambua alimimina maziwa kidogo kwenye bakuli. Yalinuka moshi. Na juu yake yalielea madoa madogo meusi, kama unga wa kitu kilichosagwa.

Alimwita kaka yake Sekione, aliyekuwa msemaji wa kijiji, mtu mwepesi wa hasira na mzito wa kusikiliza. Sekione alichungulia bakuli, akanusa, akasonya.

"Maziwa meupe yana madoa meusi, dada. Wewe ulishaona wapi?"

"Labda ni uchafu tu."

"Uchafu wenye harufu? Hao wanataka kijito. Tukianza kuzika watoto, tutahama wenyewe. Yamwage, lakini usimwambie ulichokiona. Mrudishie chombo chake kwa adabu, tuone watafanya nini."

Nambua hakuyamwaga mara moja. Mchana wote alikwenda nyuma ya mtungi, akarudi. Mtoto alilia sauti ndogo, kavu, nayo ikamkata maini. Maziwa haya yangeweza kuwa uhai wake, na yangeweza kuwa kifo chake, na hakuna aliyeweza kumwambia ni lipi. Mshiwa, aliyekuwa bado amelala kwa udhaifu, aliuliza, "Mama, yule mgeni alileta nini?"

"Maziwa. Yalikuwa yameharibika."

Basi akatoka nyuma ya nyumba na kuyamwaga kwenye shina la mgomba. Alikiosha kibuyu kama alivyofunzwa na mama yake. Alitia maji ya moto na majivu, akasugua, akasuuza, akasugua tena hadi harufu ya moshi ikatoka kabisa. Siku ya pili akampa kibuyu jirani aliyekuwa anateremka kuchota maji, kimefunikwa kifudifudi juu ya kikapu. Hata adui hurudishiwa chombo safi, ndivyo alivyofikiri.

Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda vizuri, watu wa mlimani walisikia kilio. Kilitoka chini, kikapanda na njia ya kijito. Wakaona wanawake wa Ndasho wanakuja wamefuatana, wamenyoa vichwa vyote, wamejipaka vumbi, wanalia kwa sauti za msiba. Mbele yao alikuwa Tatoi, kichwa chake kikimeremeta juani, na kibuyu kile amekipakata kama mtu anayepakata mtoto.

Walikuja moja kwa moja hadi uani kwa Nambua. Wakaketi chini, wakalia. Walimlilia mtoto mchanga wa nyumba ile, maskini, aliyekuja na kuondoka kabla hajajua jina lake.

Nambua alisimama mlangoni. Ndani ya nyumba, mtoto yule alikuwa hai.

"Mmesikia?" Sekione alikuwa amekwisha kufika na vijana wenye rungu. "Wanamlilia mtoto ambaye hajafa. Wametia sumu yao, wamekadiria siku yake, wamekuja kuzika. Ushahidi gani mwingine mnataka?"

Vijana wakawazunguka wanawake. Na hapo, jamani, damu ilikuwa karibu kumwagika, kwa sababu kila upande ulikuwa na hakika kabisa. Tatoi aliziona rungu, asielewe. Alikuja kutoa pole, na huko kwao hakuna mtu anayempiga mleta pole.

Kelele zilimwamsha Mshiwa. Alitoka akijishikilia ukutani, mtoto mkononi. Mtoto akatoa kile kilio chake kikavu.

Kilio cha wanawake kilikatika. Tatoi alimkodolea macho mtoto, akapeleka mkono kwenye kichwa chake kilichonyolewa, akakipapasa kama mtu aliyeibiwa.

"Yu hai," alisema. "Kwa nini basi mlituambia amekufa?"

"Nani alikuambia?" Nambua aliuliza.

"Wewe." Tatoi alikiinua kibuyu. "Umekiosha kwa maji. Umekirudisha kitupu, kimefunikwa. Kwetu kibuyu cha maziwa hakiguswi na maji. Tunakisafisha kwa kaa la moto, moshi unakaa humo humo. Anayekinywea akifa, ndipo tunakiosha na kukifunika, kwa sababu hakuna tena wa kukijaza. Nilipokipokea nilikaa chini. Nilisema, mtoto wa watu amekwenda na mimi nimechelewa."

Lakini Nambua hakuwa mtu wa kuachia shuku zake zote kwa mkupuo mmoja.

"Na yale madoa meusi?"

"Mkaa. Si nimekwambia tunasafisha kwa kaa?"

"Na kwa nini ulinywa kwanza? Unampa mtoto makombo?"

Tatoi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nisipokunywa mbele yako, utajuaje kwamba sikukuletea sumu?"

Vijana wawili watatu waliteremsha rungu zao. Ndipo Mshiwa akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, yale maziwa yalikuwa yameharibika kweli?"

Nambua angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwepo nyuma ya nyumba isipokuwa mgomba. Lakini aliona vile vichwa vilivyonyolewa, vichwa vya watu waliomlilia mjukuu wake wakati yeye mwenyewe alikuwa hajathubutu kulia.

"Hapana," alisema. "Yalikuwa mazima. Niliyamwaga."

Tatoi aliinamisha uso. "Ng'ombe wangu aliyebaki na maziwa ni mmoja," alisema. "Siku ile ndama wake alilala njaa."

Afadhali angetukana. Nambua aliona aibu mpaka masikio yakamwuma.

Wanawake wa Ndasho walikuwa wamekuja na maziwa, kwa kuwa kwao aliyefiwa hunyweshwa maziwa. Tatoi alimimina kidogo katika kile kibuyu chake kirefu, akanywa funda lake. Nambua akasogea karibu.

"Ongeza," alisema.

Tatoi akanywa tena, na Nambua akalitazama koo lake mpaka akaona yameteremka. Kisha akakichukua kibuyu akanywa mwenyewe, madoa meusi na yote. Alingoja kidogo, mkono tumboni, watu wote wakimtazama, na nadhani hata Tatoi alitaka kucheka. Ndipo akamnywesha mtoto, tone kwa tone, kwa kidole. Mtoto hakutapika. Alinyonya kidole hadi kikakauka, akalala, na baadaye akamlowesha bibi yake mapaja yote. Nambua hakuondoka alipoketi.

Likabaki suala la kibuyu. Jioni Nambua alikaa nacho, asijue la kufanya. Akikiosha, atatangaza msiba. Akikirudisha na utando wa maziwa, mama yake angegeuka kaburini. Aliingia ndani, akatoa mbegu za maharage alizokuwa amezificha zisiliwe, zile nzuri za kupanda, akachota ujazo wa kiganja na kuzitia ndani. Akakitikisa. Kibuyu kikalia. Siku hiyo alikipeleka mwenyewe hadi kambini kwa wafugaji, akikitikisa njia nzima, na Tatoi alipousikia mlio ule kutoka mbali alijua, kabla ya kuuliza, kwamba mtoto yu hai.

Hivyo ndivyo walivyoendelea. Mvua zilirudi, wa Ndasho wakashuka na ng'ombe wao, lakini kibuyu hakikuacha kupanda na kushuka. Kilipanda na maziwa, kikashuka na maharage, ndizi mbivu, siku nyingine ndimu moja tu ikigongagonga ndani ya kikapu kando yake. Nambua hakubadilika sana. Kila Tatoi alipokuja alimwambia, "Onja kwanza," na Tatoi alionja, akimtolea macho kwa makusudi, akipanua koo ili aone vizuri. Wakazeeka wakitaniana hivyo, na mtoto akawa mwanamke mwenye watoto wake.

Kisha asubuhi moja, Nambua akiwa ameketi mlangoni, aliona mtu anapanda na njia ya kijito. Alikuwa msichana wa Ndasho, kichwa kimenyolewa. Mkononi alikuwa na kile kibuyu kirefu cha mshipi wa ngozi. Alifika, akakiweka mbele ya Nambua. Kilikuwa kimeoshwa kwa maji. Kilikuwa kitupu, kimefunikwa.

Nambua alikiinua, akakitikisa karibu na sikio, mara moja, kisha tena. Halafu akamwita Mshiwa.

"Niletee wembe," alisema.

Akanyoa kichwa chake chote, nywele zote nyeupe, akashuka mlima kwenda kulia.

Na tangu siku hiyo, chombo cha mtu hakirudi kitupu kama kuna uzima, na anayekukaribisha chakula huonja yeye kwanza. Watu wa mlimani na wa tambarare wote wamelichukua hilo, na siku hizi ni sahani na bakuli za plastiki badala ya vibuyu. Wengi wamesahau sababu. Utawasikia wakinuna: nimempelekea pilau, ameniletea sahani tupu, jirani gani huyu. Usinune. Sahani yako ikirudi imeoshwa na haina kitu ndani, vaa viatu uende ukabishe hodi, ukaulize nani hajaamka salama.