Mkanda Juu ya Meza ya Mboni

"Mvuta ngozi asilaumu sindano." Mmeisikia kwa mama yenu, mmecheka, na sasa mwataka kujua ilikozaliwa. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Korogwe palikuwa na fundi wa ngozi, Shekiondo, mtu wa mikono mizuri na hasira mbaya. Akijikwaa, alilitukana jiwe, kisha akamtafuta aliyeliweka. Mwenzake wa kazi alikuwa mama mmoja, Mboni. Mboni alikata ngozi, Shekiondo akashona kwa cherehani.

Wiki hiyo walikuwa na mkanda mpana wa kufungia mguu wa bandia wa Mwalimu Chausiku. Miezi saba mwalimu alikuwa amekaa ndani. Jumatatu alitaka kuingia darasani kwa miguu yake. Mshono ungefanya vinundu, ungemchuna nyama mpaka arudi kitandani.

Ijumaa asubuhi Shekiondo akashona. Mishono ikatoka mirefu, mifupi, mirefu tena, kama meno ya kizee. Akamlaani muuza uzi, akabadili uzi. Vilevile. Akatia sindano mpya. Vilevile. Akakaza, akalegeza, akafumua, na kila alipofumua matundu yalibaki, maana ngozi si kitambaa. Mkanda ukaharibika.

Hasira ikatafuta mtu.

"Umenikatia ngozi huku nene, huku nyembamba," alimwambia Mboni.

Mafundi wa mtaa ule walikuwa na desturi: kazi iliyoharibika hutundikwa juu ya meza ya aliyeiharibu, wapita njia wamjue. Shekiondo akapigilia msumari, akautundika mkanda juu ya meza ya Mboni.

Mboni akaendelea kukata. Siku nzima watu walipita, wakatazama juu, wakamtazama yeye. Jumamosi asubuhi, Shekiondo alipotaka ngozi ya pili, nayo ndiyo ya mwisho, alimkuta Mboni ameikalia.

"Lete."

"Siinuki. Chukua kipande kibovu, ushone nikuone."

"Wewe ndiye wa kunifundisha cherehani?"

"Jana nimetazamwa kutwa nzima. Leo natazama mimi. Shona."

Akashona, akikanyaga kana kwamba anaua nge. Ngozi ikanata chini ya chuma kinachoikandamiza, isisogee. Mkono wake ukapita nyuma ya sindano, ukaivuta.

"Huo mkono wa kushoto, kaka, unakokota mbuzi?"

Shekiondo akautazama mkono wake kama wa jirani.

"Ukivuta, mshono mrefu," Mboni alisema kwa ghadhabu. "Ukipumzika, mfupi. Uzi umekosa nini? Mimi nimekosa nini?"

Akapaka poda kidogo juu ya kipande kile ili kisinate. "Sasa kiongoze tu. Cherehani ina meno yake, itakipeleka."

Mishono ikatoka sawasawa, kama punje za hindi zuri. Shekiondo bado alikuwa anachemka, ila hasira yake sasa haikuwa na mlango wa kutokea. Akainuka, akaushusha mkanda, akaung'oa na msumari. Akaupigilia juu ya cherehani yake mwenyewe, panapoonekana kutoka barabarani.

Ndipo Mboni akainuka kutoka juu ya ngozi, akampa ashone.

Jumatatu Mwalimu Chausiku alipita akienda shuleni, polepole, chaki mkononi. Akasimama, akainua macho.

"Ule mbaya ni wa nani?"

"Wangu," Shekiondo akasema. "Mvuta ngozi asilaumu sindano."